Tuta la Nyuma ya Nyumba ya Mama Adhieu

Makao ya Kaunti,
19 Mei

Kwa Mama Adhieu, mkwe wangu mheshimiwa,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Natumaini barua hii itakukuta mzima wa afya, wewe na watu wote wa Patuil, na ng'ombe na mbuzi pia. Sisi huku hatujambo. Adhieu hajambo, ila tumbo lake sasa limekataa kufichika, na hasira zake nazo zimekataa kufichika. Anakusalimu sana.

Naomba radhi kwanza kwa kushika kalamu. Najua mkwe haonani na mama wa mkewe wala hasemi naye, na maneno yangu kwako hupitia kwa dada yangu au kwa mjomba wake Adhieu. Lakini dada yangu yuko kambi ya ng'ombe, na mjomba hawezi kukaa na siri hata ya kuku wake. Mnara wa simu umezima tangu dizeli iishe, na hata ungekuwa mzima nisingethubutu kukusikilizisha sauti yangu kabla hatujakupa mjukuu. Nimejiambia karatasi haina macho wala mdomo, labda inaruhusiwa.

Wiki iliyopita nilikuja Patuil na kamati ya maafa. Kaunti imetuagiza tutembee juu ya matuta yote yanayozuia mto, kijiji kwa kijiji, tuone pabovu na pazima, kisha tupake rangi kwenye ramani. Nyekundu ni hatari kubwa, njano ni hatari ya kiasi, kijani ni watu walale. Katapila la kaunti ni moja tu, nalo litapelekwa penye nyekundu kabla mto haujapanda.

Tulianzia kanisani vizuri. Tulipokaribia kwako nikakuona umekaa juu ya tuta, katikati ya njia, uso umeuelekeza tunakotoka. Mama, nilifanya kile ambacho mkwe yeyote aliyelelewa angefanya. Niliruka nikaingia kwenye majani marefu. Mwenzangu Ayuen akaniita, "We Lueth, umeona simba?" Nikamjibu, "Afadhali simba!" Alipotazama mbele akakuona, na kwa kuwa baba yake na baba yangu ni ndugu, wewe ni mkwe wake pia, akanifuata majanini kwa mbio kuliko zangu. Tulizunguka mbali sana, tukatokea tena tutani ng'ambo ya mashamba.

Kwa hiyo kipande chote cha nyuma ya nyumba yako hatukukiona. Nimekipaka kijani, kwa sababu huku na huku kwake palikuwa pazima.

Naona aibu kuandika hivi. Ramani itasomwa mbele ya Kamishna mwanzoni mwa mwezi ujao. Nikituma mtu mwingine akatazame, ataniuliza mimi nilikuwa natazama nini. Tafadhali mama, nipe neno moja tu: kipande kile ni kizima?

Mkweo mwenye heshima,
Lueth Ajang


Patuil,
24 Mei

Lueth, mume wa binti yangu,

Barua yako imefika mkononi mwangu na haijalowa. Sisi ni wazima. Mbuzi wawili wana kikohozi, na jirani yangu ana kikohozi kile kile, sijui nani kamwambukiza nani. Mwambie Adhieu hasira ni za mtoto, si zake, zitakwisha akijifungua. Zangu hazikwisha, lakini asijue hilo sasa.

Karatasi inaruhusiwa. Nimemuuliza kasisi wetu, akasema hata Mtume Paulo aliwaandikia watu ambao hakuweza kufika mbele yao. Basi tuandikiane tu.

Kuhusu siku ile, usijisumbue. Majirani walikusifu. Walisema, "Mkwe wa Mama Adhieu ana adabu, ameruka kama swala." Kiatu chako kimoja kilibaki majanini, nimekitundika bandani, nitampa mtu akuletee.

Tuta la nyuma yangu ni zima kabisa. Ni zima upande wa mto na ni zima upande wa nyumba, na nyasi zimeota juu yake, na watoto wanacheza pale, na mimi mwenyewe hukaa pale jioni nikipumzisha miguu, ndiyo maana mlinikuta. Liache kijani. Hakuna haja ya mtu kurudi.

Nisalimie binti yangu.

Mkweo,
Mama Adhieu


Makao ya Kaunti,
9 Juni

Kwa mkwe wangu mheshimiwa, Mama Adhieu,

Salamu baada ya salamu. Hatujambo, tunakuombea afya, na tunawaombea mbuzi na jirani wapone wote.

Umeniondolea mzigo. Ramani imesomwa, Kamishna amepiga makofi. Kijiji cha Wunkir ndicho kimepata nyekundu, kwa sababu tuta lao limeliwa na mto na wao wako karibu na maji kuliko kijiji kingine chochote. Katapila limeshakwenda kwao. Watu wa Wunkir walilipokea kwa ngoma, wakachinja fahali, wakamtaka dereva achague bibi. Dereva ana wake wawili, lakini alichelewa kidogo kukataa.

Patuil ni kijani tangu mwanzo hadi mwisho. Kwa ajili hiyo, wazee wa kwetu wamekubali Adhieu aje kwako mwishoni mwa Julai akae mpaka ajifungue, kama ilivyo desturi kwa mtoto wa kwanza. Walikuwa na wasiwasi wa mafuriko. Nimewaambia nimekagua kwa miguu yangu. Nilipolitamka neno hilo ulimi uliniuma kidogo, lakini nikakumbuka barua yako nikatulia.

Mkweo,
Lueth


Patuil,
11 Julai

Lueth mwanangu,

Sikukujibu kwa mwezi mzima. Si kwamba karatasi ilikosekana. Salamu kwanza: mimi ni mzima wa mwili.

Usimlete Adhieu.

Sasa nitaandika haraka kabla moyo haujanigeuka. Siku ile sikuwa napumzisha miguu. Watu walileta habari tangu asubuhi kwamba kamati inatembea tutani na kwamba Lueth wa Ajang ndiye anayeongoza. Nikafikiri, huyu ni mkwe wangu, akiniona atakimbia. Nikachukua ngozi yangu ya kukalia, nikaenda kukaa katikati ya tuta nikiwasubiri. Nilikaa juani kwa muda mrefu. Ulipoingia majanini nilishukuru Mungu, Mungu anisamehe.

Nilikaa pale kwa sababu chini yangu palikuwa na tundu.

Mwaka jana mvua ilinyesha ndani ya kijiji, maji yakakosa pa kwenda kwa sababu tuta limetuzunguka kila upande. Mtama wangu ulisimama majini mpaka ukaanza kuoza. Mwenyekiti wa Umoja wa Kina Mama, ndiye mimi, nilikuwa nimesimama kanisani Jumapili mbili mfululizo nikiwaonya watu: asiyekata tuta anampenda jirani yake, anayekata tuta anamuua. Kisha Jumatatu nikachukua jembe nikakata tuta nyuma ya nyumba yangu. Nilikata usiku wenyewe ukiwa mchanga, nikayaacha maji yote yaende mtoni. Mtama ukapona. Watu wakasema Mama Adhieu ana baraka.

Kiangazi nilipaziba kwa majani na samadi, nikapaka tope juu. Kwa macho panapendeza. Lakini sasa mto umepanda, na kila nikiamka nakuta nyasi za upande wa ndani zimelowa na mvua haijanyesha. Ukikanyaga mguu unazama. Nimeongeza samadi, nimeongeza tope, nimewaomba wanawake wanisaidie kupakaza nikawadanganya kwamba ni kwa ajili ya banda. Haisaidii.

Likiondoka pale, kijiji kizima kiko chini ya tuta. Sijapata usingizi tangu ulipoandika kuhusu Adhieu. Mtu akifanya jambo ovu huwaza atakayepatwa ni mtu mwingine.

Nakuomba, waambie kamati umerudia hesabu zako ukaona kasoro. Usiwaambie ni nani aliyekata. Panya wanachimba, ng'ombe wanakanyaga, tafuta neno. Sina uso wa kuwaonyesha wanawake wangu.

Mkweo,
Mama Adhieu


Makao ya Kaunti,
16 Julai

Kwa Mama Adhieu,

Salamu. Adhieu ni mzima, sijamwambia.

Nimeisoma barua yako mara nyingi. Mama, nimekasirika, na sijui mkwe anaruhusiwa kukasirika kwa kiasi gani, kwa hiyo nitasema hilo mara moja tu na kuliacha. Niliwaambia wazee wangu nimekagua. Niliiacha rangi ya kijani mahali ambapo sikupaona kwa kuwa nilikuamini. Ungeniandikia ukweli mwezi wa tano tungekuwa tumemaliza.

Nilikwenda mbele ya kamati jana. Niliwaambia ukweli wa upande wangu. Nilisema, "Mheshimiwa Kamishna, kuna kipande Patuil ambacho sikukikagua. Mkwe wangu alikuwa amekaa pale, nikapita majanini. Nimepaka kijani kwa kubahatisha. Naomba katapila lipelekwe, kwa sababu nina habari kwamba maji yanapenya."

Nilitegemea watanifukuza kazi. Badala yake walicheka mpaka chifu mmoja akashika mbavu. Kamishna alisimama akanishika bega. "Vijana wa leo wanawatazama wakwe zao usoni kama wanatazama mkeka," akasema. "Huyu ameacha kazi ya serikali kwa ajili ya heshima! Huyu ndiye mkwe." Wakanipigia makofi, mama. Mzee mmoja akasema anajuta binti zake wote wameolewa.

Kisha nikarudia jambo la katapila. Kamishna akauliza, "Hayo maji yanapenya kwa sababu gani? Tuta lile lilijengwa vizuri, lina nyasi, wewe mwenyewe umeandika pande zote ni nzima." Nikasema labda panya. Akasema hawezi kuliondoa katapila Wunkir, penye mto mlangoni, kwa ajili ya panya. Ana haki. Hata mimi nisingekubali.

Nimetembea sokoni leo, watu wananisalimia kwa mikono miwili. Kila anayenisifu ananipaka tope. Nimejificha nyumbani kuandika hii.

Wakijua kwamba tuta limekatwa na kuzibwa kwa majani, wataamka siku hiyo hiyo, kwa sababu hakuna asiyejua tuta lililokatwa linavyoondoka. Lakini siwezi kusema hivyo bila kuulizwa ni nani. Na siwezi kulitaja jina la mama wa mke wangu kwenye baraza. Nakuomba ruhusa. Bila ruhusa yako nitanyamaza, na tukinyamaza sote wawili maji hayatanyamaza.

Adhieu simleti.

Mkweo,
Lueth


Patuil,
27 Julai

Lueth mwanangu,

Sikukupa ruhusa kwa sababu sikutaka jina langu ulitaje wewe. Mzigo wa mtu hautajwi na mkwe wake.

Najua hukusikia nilichosema barazani huko kwenu nilipokuja mwenyewe. Nilipoingia mlangoni ulitoka kwa dirisha, nikaona nyayo zako tu zikimalizikia nje. Chifu akasema, "Anawafundisha vijana adabu tena!" na wote wakacheka, na mimi nikasimama nasubiri kicheko kiishe. Kwa hiyo acha nikueleze, kwa sababu utasikia mengine mitaani.

Nilisema jina langu na la mume wangu marehemu. Nikasema, "Mnayemcheka hakukosa. Alikuwa na adabu, nami niliitumia adabu yake kama kamba ya kumfungia ng'ombe. Mimi ndiye nilikata tuta. Mimi ndiye nilikaa juu ya tundu ili asilione. Mkitaka kunifunga mnifunge, lakini pelekeni katapila kwanza."

Kicheko kilikwisha. Kamishna ambaye alikusifu wewe hakunisifu mimi. Aliniuliza, "Wewe si yule mama wa kanisani?" Nikasema ni yule yule. Akaniuliza kama najua nyumba ngapi ziko ndani ya tuta lile. Nikamwambia najua kila moja na anayelala ndani. Kuna mzee wa Patuil alikuwapo, tulikua pamoja. Alitema mate chini, akaenda kukaa upande mwingine.

Waliamua siku ile ile. Katapila litoke Wunkir lije kwetu, na kipande kilichobaki Wunkir watu wakimalizie kwa majembe. Najua karatasi ya kulihamisha uliisaini wewe, kwa kuwa ramani ni yako. Limefika jana. Dereva alipofukua pale nyuma yangu majani yaliyooza yalitoka mengi, yananuka, na kijiji kizima kilikuwa kimesimama kinatazama. Hakuna aliyeniuliza kitu. Afadhali wangenipiga.

Wanawake wamenivua uenyekiti. Walifanya kwa upole, walikuja na chai. Sasa naketi benchi la nyuma kanisani, na nimegundua kwamba nyuma hakusikiki kitu, miaka yote ile nilikuwa nawahubiria wa mbele tu.

Tuta sasa ni imara, udongo mgumu, umeshindiliwa. Mlete binti yangu. Nakuapia kwa roho ya baba yake kwamba safari hii ni kweli, na kama huniamini, mtume mtu mwingine akatazame kwanza. Ningependa umtume.

Mkweo,
Mama Adhieu


Wunkir,
30 Agosti

Kwa mkwe wangu, Mama Adhieu,

Salamu kwako na kwa Adhieu. Nashukuru kwamba yuko kwako na tumbo lake. Mwambie mimi ni mzima. Mwambie hivyo tu.

Tuta la Wunkir limeondoka. Kile kipande kilichoachwa kwa majembe. Watu walijitahidi, mama, niliona mwenyewe, wanaume walisimama majini wakipokezana tope, na wanawake walileta hadi milango ya nyumba kuzuia. Maji yalipita juu kwanza polepole, kisha tuta lote likaenda. Watu tumewatoa. Mzee mmoja alifariki ndani ya mtumbwi, hakuzama, moyo tu ulichoka. Ng'ombe wengi wamekwenda. Mtama wote uko chini ya maji.

Niko kwenye mitumbwi. Mchana nabeba watu, jioni nasikia wakiulizana kwa nini katapila liliondoka mapema. Wengine wanasema dizeli iliisha. Wengine wanasema dereva alikuwa na bibi kwingine. Mimi nimekaa katikati yao, mwenye saini, na napokea asante zao nikiwashusha nchi kavu. Sijasema neno. Niliwahi kujiona mtu mkweli.

Nchi kavu iliyo karibu ni moja tu, nayo ni Patuil. Wanaanza kuja kwenu kesho. Hawajui kitu kuhusu wewe wala mimi. Sikuombi useme wala unyamaze. Nakuarifu tu wanaokuja ni nani.

Mkweo,
Lueth


Patuil,
22 Septemba

Lueth mwanangu,

Wewe ni baba. Ni binti, amezaliwa jana kabla jua halijawa kali, ana sauti ya mnadi wa soko. Adhieu ni mzima, amekula uji, amelala, ameamka, amekutukana kwa kuwa hupo, amelala tena. Utampa jina wewe na wazee wako.

Sasa habari nyingine. Watu wa Wunkir wamejaa kijiji kizima. Kwangu nimewapa banda la ng'ombe, maana ng'ombe wako mbali kambini. Humo kuna familia nne. Mmoja ni mwanamke anaitwa Yar, mjane kama mimi, ana watoto watano na alikuja na sufuria moja. Kila nilipowapelekea chakula, mtama na bamia na samaki nikipata, yeye alikuwa anasimama ananishika mkono. "Mungu akubariki, mama," anasema, "hata ndugu zetu hawakutupokea hivi." Kila siku. Na mimi nikasema amina, kila siku. Nilikumbuka ulivyoandika kuhusu watu wa sokoni, nikaona kweli, sifa usiyostahili haimezeki.

Wiki iliyopita aliposema tena, nikaweka bakuli chini nikamwambia. Nilimwambia yote, tundu, ngozi niliyokalia, baraza, katapila. Sikukutaja wewe. Nilimwambia, "Mlichopoteza ninyi, kimeokoa hiki mnacholalia, na mimi ndiye chanzo."

Yar hakunitukana. Aliuliza, "Ni wapi?" Nikampeleka nyuma ya nyumba, na wenzake wakatufuata, sikujua wanakwenda kufanya nini, nilifikiri labda watanisukuma majini na sikuwa na nguvu ya kukataa. Upande wa nje mto umefika karibu na ukingo wa juu kabisa. Yar alipanda juu ya kile kipande kipya. Alikitazama. Akakikanyaga kwa kisigino, mara kadhaa, kama mtu anayejaribu sakafu ya nyumba anayotaka kununua.

Akasema, "Hili ni tuta letu."

Hakusema kwa hasira. Aliwageukia watoto wake akawaambia, "Njooni mlione. Hili ndilo la Wunkir." Wakapanda wote, na wengine wakapanda, mpaka watu wa kijiji chao wengi wakawa wamesimama pale juu wanatazama maji.

Tangu siku hiyo wanakuja kila asubuhi kulikagua. Hawaniombi ruhusa kupita uani kwangu. Wakiona ufa mdogo wanaleta tope wenyewe, wanashindilia kwa miguu. Mimi huwapelekea chakula kule kule juu, naweka chini, wanakula. Yar hanishiki tena mkono wala hasemi lile neno la baraka, na sitaki aliseme.

Usiku wa kuamkia jana Adhieu aliposhikwa na uchungu, mkunga wetu alikuwa ng'ambo ya maji. Nilikwenda bandani nikasimama mlangoni, nikashindwa kuomba. Sikuwa na kinywa cha kumwomba kitu yule mwanamke. Yar alikuwa anasikia kilio cha binti yangu kama nilivyokisikia mimi. Alimpa mwanawe mkubwa mtoto mdogo amshike, akanawa mikono, akanipita mlangoni bila kunitazama, akaingia kwa Adhieu. Akamtoa mjukuu wetu salama. Akamfunga, akanipa, akarudi bandani kwa watoto wake.

Sijui nimfanyie nini, Lueth. Nimefikiri usiku kucha na sijui. Wewe ndiye uliyesoma mambo ya hatari, lakini sidhani mlifundishwa hili. Njoo. Ukifika, kabla hujamwona mtoto, pita bandani kwanza. Mimi nitakuwa nimeingia ndani na kufunga mlango, kwa hiyo hakuna atakayekuzuia njia. Mwambie Yar saini ile ya katapila ni ya nani.

Mkweo, na sasa bibi wa mtoto wako,
Mama Adhieu